Kila Namba na Mwenyewe: Historia ya Visobadilika vya Klasi Ikitazamwa kutoka Mpondwe

Mpondwe, mji wa mpakani unaopakana na Bwera katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, umetenganishwa na Kasindi ya Kongo kwa mto mdogo wa Lhubiriha, ambao daraja lake huvukwa kwa dakika chache tu, ingawa katika dakika hizo mambo mengi ambayo msafiri ameyazoea kuwa hayageuki hugeuka yote kwa pamoja. Saa sita adhuhuri ya Mpondwe ni saa tano Kasindi, kwa kuwa Uganda hufuata saa iliyo mbele kuliko ya mashariki ya Kongo. Gari lililokuwa likiendeshwa upande wa kushoto wa barabara huhamia kulia. Shilingi huacha nafasi yake kwa faranga. Na kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo Uganda huitoza kwa asilimia 18, huwa asilimia 16. Hakuna kiwango hata kimoja kati ya hivyo kilicho na kosa, wala hakuna kinachokipinga kingine, kwa sababu kila kimoja kina nchi iliyokiweka, na nguvu yake hukoma pale mamlaka ya nchi hiyo inapokoma.

Waandishi wa programu za kompyuta walilazimika kuzitafutia lugha zao utaratibu wa namna hiyo, na historia ya utaratibu huo ndiyo mada ya makala haya. Kisobadilika ni jina linalopewa thamani mara moja katika programu na ambalo halikusudiwi kupewa thamani nyingine wakati programu inafanya kazi, tofauti na kigeu, ambacho thamani yake hubadilishwa kila inapohitajika. Mawanda ya jina ni sehemu ya programu ambamo jina hilo linajulikana na lina maana moja. Klasi, katika mtindo wa uprogramu unaojengwa juu ya obijekti, ni kielelezo kinachoeleza kitu cha aina fulani kina sifa zipi na kinaweza kufanya nini, na obijekti ni kitu kimoja kimoja kilichoundwa kwa kufuata kielelezo hicho. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba swali la msingi kuhusu kisobadilika ni la nani anakimiliki, kabla ya lile la kama kitabadilika, na kwamba lugha za programu zilichukua zaidi ya miaka 40 kulijibu swali ambalo mipaka ya dola ililijibu kwa gharama kubwa katika bonde hilohilo la Lhubiriha.

Namba 30 na mto

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, mataifa ya Ulaya yaliyogawana Afrika ya Kati yaliitumia longitudo ya 30 mashariki ya Greenwich kama mpaka kati ya eneo la Waingereza na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 uliitaja namba hiyo bayana. Waliotia saini waliiona namba 30 kuwa kitu kisichoweza kubishaniwa, kwa kuwa jua na nyota hazina upande wowote. Lakini mabonde, maziwa na watu ambao mstari ungepita juu yao walikuwa bado hawajapimwa sawasawa, na tume ya mpaka ya miaka ya 1907 na 1908, iliyoongozwa kwa upande wa Waingereza na Luteni Kanali R. G. T. Bright, ndiyo iliyofanya kazi ya upimaji huo.

Mstari wa kweli wa longitudo ya 30 unapita karibu kilomita 10 magharibi mwa mahali ulipo mji wa Kasese leo, na takriban kilomita 30 mashariki mwa Mpondwe, kiasi kwamba kuufuata kama ulivyo kungeipa Kongo si Bwera peke yake, bali pia ziwa la chumvi la Katwe na vilele virefu vya Ruwenzori. Mkataba wa Brussels wa tarehe 14 Mei 1910 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliiacha namba hiyo katika sehemu hii, na makubaliano ya Februari 1915 yakaueleza mpaka kwa alama zilizopo ardhini, yaani kutoka kilele cha Margherita kuelekea chanzo cha Lhubiriha, kisha kuufuata mto huo hadi unapoingia katika Ziwa Edward. Namba iliyotangazwa mbali, ili itumike kila mahali, iliondolewa kwa sababu haikuwa na uhusiano na kitu ilichodaiwa kukieleza, na nafasi yake ikachukuliwa na maelezo yanayotokana na mahali penyewe.

Zama za namba zisizo na kwao

Programu za mwanzo zilikuwa na tabia inayofanana na ile ya mkataba wa 1894. Namba ziliandikwa zikiwa uchi katikati ya amri, na mtu aliyesoma 18 mahali fulani hakuwa na njia ya kujua kama hiyo ni asilimia ya kodi, umri wa mtu mzima, au idadi ya magunia. Hatua ya kwanza ya kuleta nidhamu ilitokana na lugha ya ALGOL 60, ambayo iliweka kanuni kwamba jina lililotangazwa ndani ya fungu la amri linajulikana ndani ya fungu hilo na halionekani nje yake. Niklaus Wirth, katika lugha ya Pascal aliyoitoa mwaka 1970, alitenga sehemu maalumu ya kutangazia visobadilika kabla ya vigeu, na FORTRAN, lugha kongwe ya wahandisi, ikapata tamko la visobadilika vyenye majina katika toleo la mwaka 1977.

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilieneza njia nyingine ambayo madhara yake yaliwafundisha watu wengi. Kwa kutumia tamko la #define, mwandishi aliweza kulipa jina namba yake, na kabla ya kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya mwandishi kuwa lugha ya mashine, kuanza kazi yake, kila mahali jina hilo lilipoonekana liliondolewa na kuwekwa namba. Ubadilishaji huo haukujali mafungu wala mipaka ya aina yoyote: kuanzia mstari wa tangazo hadi mwisho wa faili, jina lilitawala kila mahali, na kama sehemu mbili za programu, zilizoandikwa na watu wasiojuana, zilitumia jina KIWANGO kwa mambo mawili tofauti, moja lililifuta jingine au likazusha kosa ambalo chanzo chake kilikuwa vigumu kukifuatilia. Waandishi walijikinga kwa kurefusha majina na kuyaongezea vianzio, wakiandika KODI_UGANDA_KIWANGO mahali ambapo neno moja lingetosha, na kianzio hicho kilikuwa dalili kwamba jina lilikuwa linatafuta mwenyewe.

Klasi yapata mamlaka

Mwenyewe huyo alikuwa amekwisha kuzaliwa Oslo. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakifanya kazi katika Kituo cha Kompyuta cha Norway, walibuni lugha ya Simula 67 kwa ajili ya kuiga kwa kompyuta mwenendo wa mambo kama foleni na usafirishaji, na humo ndimo klasi ilimoanzia. Lugha ya Smalltalk, iliyokuzwa na Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, iliongeza wazo lililokuwa na uzito kwa mada hii, kwamba mbali na sifa za obijekti moja moja, klasi yenyewe inaweza kuwa na mali yake inayotumiwa kwa pamoja na obijekti zake zote na klasi zinazoirithi. Umbali wa kijiji kutoka mpakani ni sifa ya kijiji hicho, nacho kila kijiji kina umbali wake. Lakini kodi ya asilimia 18 si sifa ya kijiji chochote, bali ni ya nchi nzima, na kuiandika upya katika kila kijiji ni kukaribisha siku ambayo vijiji viwili vitatofautiana bila sababu.

Bjarne Stroustrup, aliyeanza mwaka 1979 kuiongezea C klasi na kuipa lugha hiyo jina la C++ mwaka 1983, aliupinga utawala wa #define kwa kuleta neno const, ambalo lilitangaza kisobadilika chenye kufuata kanuni za mawanda kama jina jingine lolote. Kwa muda mrefu, hata hivyo, C++ haikuruhusu thamani ya kisobadilika cha klasi iandikwe ndani ya klasi yenyewe, na waandishi wakatumia ujanja wa kuunda orodha ya namba zenye majina ili kupata namba kamili iliyo mali ya klasi, mpaka kiwango rasmi cha mwaka 1998 kiliporuhusu jambo hilo kwa namba kamili. Ujanja huo ulidumu kwa miaka mingi kwa sababu hitaji lilikuwa la kweli: watu walitaka namba ikae nyumbani kwake.

Java na dawati la forodha

Mfumo wa ASYCUDA, ulioanza kujengwa mapema miaka ya 1980 na Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Maendeleo wenye makao Geneva, ulikusudiwa kuzipa nchi zinazoendelea njia moja ya kusajili na kukadiria bidhaa mipakani kwa kompyuta. Toleo lake liitwalo ASYCUDA World, lililoandikwa kwa lugha ya Java, lilianza kutumiwa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda mwaka 2012, na ng'ambo ya mto idara ya forodha ya Kongo, inayojulikana kwa herufi za DGDA, hutumia mfumo huohuo kwa jina lake la Kifaransa la Sydonia. Kahawa na kakao zinazotoka pande za Beni na Butembo, zikipita Kasindi kuingia Mpondwe, huandikishwa na programu za nasaba moja kwa thamani za nchi mbili, jambo ambalo haliwezekani ikiwa viwango vya nchi havijatengwa na amri zilizo sawa kwa wote.

Java, iliyoongozwa na James Gosling katika kampuni ya Sun na kutolewa mwaka 1995, iliondoa kabisa majina yanayoelea nje ya klasi. Kisobadilika hutangazwa ndani ya klasi kwa maneno mawili, static, linalomaanisha kuwa jina ni mali ya klasi wala si ya obijekti moja, na final, kwamba halitapewa thamani ya pili. Na mwandishi aliye nje ya klasi hulazimika kutaja jina la klasi kwanza, kwa mfano Uganda.KIWANGO_CHA_VAT, kisha Kongo.KIWANGO_CHA_VAT. Majina haya mawili yanafanana upande wa kulia na hayagongani, kama vile kodi mbili zenye jina moja zisivyogongana katika daraja la Lhubiriha, kwa kuwa kila mmoja anayeitaja humtaja pia mwenye kuitoza. Mbele ya kisobadilika huwekwa pia neno la kuonyesha nani anaruhusiwa kukiona: kisobadilika cha faragha huonwa na klasi yake tu, na cha hadhara huonwa na wote.

Utaratibu huo ulikuwa na mianya. Java huruhusu kiolesura, yaani orodha ya ahadi ambazo klasi hujifunga kuzitimiza, kubeba visobadilika, na waandishi wengi walianza kuunda violesura visivyo na ahadi yoyote ndani yake, vyenye namba tu, kisha wakazifanya klasi zao zivifuate ili waepuke kuandika jina la mwenyewe kila mara. Joshua Bloch, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu matumizi bora ya Java, aliikemea desturi hiyo, kwa sababu klasi iliyofuata kiolesura kwa ajili ya kuazima namba huzitangaza namba hizo kwa kila anayeirithi, na mali ya mtu mmoja ikawa haina mwenyewe tena. Toleo la mwaka 2004 lilijibu kwa kuleta aina maalumu ya orodha za thamani zenye majina, pamoja na njia ya kuingiza jina la kisobadilika bila kurithi.

Mwanya wa pili ulikuwa mgumu zaidi kuonekana. Kompaila ya Java, ikikuta kisobadilika ambacho thamani yake inajulikana mapema, huinakili thamani hiyo moja kwa moja katika klasi inayokitumia. Uganda ilianzisha kodi ya ongezeko la thamani mwaka 1996 kwa asilimia 17, na baadaye ikaipandisha hadi 18. Kama klasi ya kukagua mizigo ingetafsiriwa wakati wa 17, kisha klasi ya viwango peke yake ikarekebishwa kuwa 18, ile ya mizigo ingeendelea kutoza 17 mpaka nayo itafsiriwe upya. Kiwango kinachowekwa na bunge au na kikao cha mawaziri hudumu mpaka kibadilishwe tena, wala si kisobadilika cha maumbile. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005 ukiwa na ngazi za asilimia 0, 10 na 25, uliongezewa ngazi ya 35 kuanzia Julai 2022, na mfumo uliozikita ngazi tatu ndani ya kila klasi ungehitaji kufumuliwa wote. Mahali pa thamani kama hizo ni jedwali la kumbukumbu linalosomwa wakati programu inafanya kazi, na kisobadilika cha klasi hubakia kwa yale ambayo mwandishi ana haki ya kuyaita ya kudumu.

Urithi na njia mbili za kutafuta jina

Klasi inaporithi klasi nyingine, swali jipya huzuka: jina lisilopatikana katika klasi tanzu litafutwe wapi? Mfano wa forodha unalifafanua vizuri. Mfumo Linganifu wa kutambulisha bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani na ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, huipa kila bidhaa tarakimu 6 zilizo sawa kwa nchi zote wanachama, hivi kwamba kahawa isiyokaangwa na isiyoondolewa kafeini ni 0901.11 Mpondwe na Kasindi vilevile. Nchi au jumuiya huruhusiwa kuongeza tarakimu zake baada ya hizo, na Afrika Mashariki hutumia 8, lakini hairuhusiwi kuzigusa 6 za mwanzo. Huo ni urithi wa visobadilika katika hali yake safi: kinachotoka kwa klasi mama hakipinduliwi, na kinachoongezwa na klasi tanzu ni chake mwenyewe.

Lugha ya Ruby, iliyotolewa na Yukihiro Matsumoto wa Japani mwaka 1995, ilichagua njia mbili kwa pamoja. Kisobadilika cha Ruby, kinachotambulishwa kwa herufi kubwa ya mwanzo, hutafutwa kwanza mahali ambapo amri imeandikwa, katika klasi na moduli zinazoizunguka, na kisipopatikana hutafutwa katika ukoo wa klasi, kutoka mama hadi bibi. Wakazi wa bonde la Lhubiriha wanazijua njia zote mbili katika maisha yao. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa asili moja wenye lugha moja, waliotengwa na mpaka wa 1910. Saa na kodi ya mtu hutegemea ukingo wa mto aliosimama, lakini lugha yake ya nyumbani huipata kwa ukoo, popote aliposimama.

PHP, lugha inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ilipata visobadilika vya klasi katika toleo la 5 la mwaka 2004, na historia yake inaonyesha hatari ya kuchanganya njia hizo. Tuseme klasi mama Forodha ina kisobadilika KIWANGO na amri ya kukokotoa kodi, na klasi mbili tanzu, moja ya Uganda na nyingine ya Kongo, kila moja imekiandika upya kwa thamani yake. Kama amri iliyo katika klasi mama inakitaja kwa neno self, kiwango kitakachotumika ni kile cha klasi mama siku zote, hata mzigo ukiwa wa Kongo, kwa sababu self humaanisha klasi ambamo amri imeandikwa. Toleo la 5.3 la mwaka 2009 liliruhusu neno static litumike hapo badala yake, ili jina litafutwe katika klasi iliyoitwa wakati wa kazi. Faragha ya visobadilika ilifuata katika toleo la 7.1 mwishoni mwa 2016, uwezo wa klasi mama kuzuia kisobadilika chake kisiandikwe upya ukaja na toleo la 8.1 la mwaka 2021, na mwaka 2023 toleo la 8.3 likaruhusu aina ya thamani itajwe. Miaka karibu 20 ilipita kabla lugha moja haijakamilisha kujibu ni nani anaweza kuona, kurithi na kubadilisha namba.

Mto unaohama

Limebaki jambo moja ambalo neno final halikulitatua. Katika Java, jina la kudumu linaloelekeza kwenye orodha au obijekti haliwezi kuelekezwa kwingine, lakini yaliyomo ndani ya obijekti hiyo yanaweza kubadilishwa na yeyote mwenye ruhusa ya kuigusa. Ruby nayo hutoa onyo tu kisobadilika kinapopewa thamani ya pili, na huhitaji obijekti igandishwe kwa amri maalumu. Mpaka wa Uganda na Kongo una tatizo hilo hasa. Makubaliano ya 1915 yaliutaja mto kama mpaka, na jina la mto halijabadilika, ilhali mto wenyewe ni maji na mchanga: Semliki, unaobeba mpaka huohuo kaskazini mwa Ruwenzori, umehama mkondo wake mara kadhaa na kuacha ardhi ya upande mmoja ikiwa ng'ambo. Anayetaka jambo lidumu hana budi kuhakikisha kwamba jina na kitu chenyewe, vyote viwili, vimefungwa.

Kutokana na historia hii yote, kanuni tatu zinastahili kufundishwa kwa kila mwanafunzi wa uprogramu: kisobadilika kiwekwe katika klasi ya yule mwenye mamlaka nacho, kitajwe pamoja na jina la mwenyewe, na kisiitwe cha kudumu ikiwa kuna kikao kinachoweza kukibadilisha mwakani. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwezi Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na katika mwezi huohuo Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walimu wa kompyuta wa Kasese na Bwera, ambao wanafunzi wao wamekua wakihesabu saa mbili na fedha mbili kwenye daraja moja, wana mifano bora kuliko ile ya vitabu vilivyoandikwa mbali, na inafaa waitumie, kwa Kiswahili, tangu somo la kwanza.